Yule wa Mwisho Kwenye Picha

"Hapa, Chanceline, ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Penye jiwe hili hili."

Nilisema hivyo nikiwa nimeweka mguu mmoja juu ya jiwe la Mugere na mkono kiunoni. Ziwa lilikuwa chini yetu, Kabezi tumeshaiacha nyuma, na teksi tuliyokodi kutoka Rumonge ilitusubiri barabarani mlango wazi. Mama mmoja anayelinda pale aliacha kufagia.

"Samahani, muheshimiwa," akasema. "Hapa walilala siku mbili tu. Kukutana walikutana Ujiji."

Chanceline akanigeukia taratibu.

"Ujiji ya Tanzania?"

"Ndiyo hiyo hiyo, dada," yule mama akajibu.

"Mwalimu, weye si umekulia Tanzania?"

"Nimekulia Katumba. Katumba na Ujiji ni mbali."

"Iko mbali kuliko Rumonge na hapa?"

Alicheka mpaka akaliegemea jiwe. Nami nikacheka, maana asubuhi ile bado nilikuwa na uso wa kuchekea. Ningejua yaliyo mbele, ningemwambia dereva ageuze gari pale pale, turudi tukale ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa amani.

Niseme ukweli mapema, maana nikichelewa nitaanza kujipamba. Naitwa Lameki, mwalimu wa hesabu Minago. Nilizaliwa ukimbizini Katumba, tukarudi Burundi nikiwa na miaka kumi na sita. Bujumbura nilishafika mara chache, zote za shida: hospitali, karatasi za shule, kisha kituo cha mabasi na kurudi. Lakini Buja ya kusimulia nilikuwa nayo nzima kichwani. Baba yangu, Mzee Pontiani, alitusimulia kule Katumba tukipukuchua mahindi. Mitaa yenye miti ya maua mekundu. Sinema. Bandari alikokuwa karani. Na restora ya Mgiriki kando ya ziwa, Les Trois Pirogues, ambako alikuwa na meza yake ya dirishani, anakula sangala kwa shati jeupe na tai.

Nilimeza yote. Nilipompata Chanceline, fundi cherehani wa soko la Rumonge, nikayamwaga kwake kama vile niliyaona mimi. "Sisi ni watu wa Buja," nilimwambia. Shangazi yake aliyemlea, Mama Agneta, akalichukua neno hilo na kulitembeza mji mzima: mtoto wangu anaolewa kwa watu wa Buja, baba mkwe alikuwa karani mkubwa bandarini.

Gusaba, siku ya kwenda kwao kumwomba rasmi, ilibaki wiki moja. Chanceline akaniomba kitu kimoja tu.

"Mimi Buja naijua ya vitenge. Naingia dukani, nanunua, narudi. Nionyeshe Buja ya kwenu kabla sijaingia kwenu."

Ningekataa vipi? Mdomo wangu ndio ulioniweka pale.

Tulianza na makumbusho. Kulikuwa na ngoma, mitungi, nyumba ya kifalme ya nyasi, na vikapu vile vyenye vifuniko vilivyochongoka juu. Chanceline akaviinamia kwa muda mrefu.

"Angalia mkono wa mama aliyesuka hiki," akasema. "Hakukosea hata mstari mmoja. Mimi ningefumua mara tatu."

"Hivyo vilikuwa vya kubebea barua za mfalme," nikamwambia.

Sijui nililitoa wapi neno hilo. Muongozaji wa pale akakohoa, akasema kwa upole kwamba ni vya kupelekea unga na zawadi kwenye harusi.

"Barua za mfalme," Chanceline akaninong'oneza tulipotoka. "Aliandika sana, huyo."

Tukaenda Rohero kutafuta sinema ya baba. Nilihesabu mitaa kama alivyonifundisha: kona ya kwanza, ya pili, kisha mkono wa kushoto penye miti. Miti haikuwepo. Mahali pa sinema palikuwa na kanisa, na watu walikuwa kwenye maombi, vipaza sauti viwili vikielekea barabarani.

"Sinema iko wapi?"

"Ilikuwa hapa."

"Hapa wanaomba, Mwalimu."

"Imebadilishwa matumizi."

Hakucheka safari hii. Alinishika mkono tu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa asiyejijua. Akanivuta kwenye nyumba moja wanakoonyesha picha za kuchora. Picha moja kubwa ilikuwa ya wanawake wa pwani yetu wamebeba vidumu vya mawese kichwani. Wageni wawili walikuwa wakiisifia.

"Aliyechora hajawahi kubeba kidumu," Chanceline akasema. "Shingo haikai hivyo. Huyu amesikia tu habari zake."

Alikuwa anazungumzia picha. Lakini mimi niliona kama ananisema mimi, nikaangalia saa, nikasema njaa imeniuma, twende kwa Mgiriki.

Restora ilikuwepo. Nilipoliona jina lake ukutani nilitaka kupiga magoti barabarani, maana siku nzima hicho ndicho kitu cha kwanza cha baba nilichokikuta mahali pake. Tukapewa meza ya dirishani. Niliiomba kwa sauti.

"Hii ndiyo meza ya mzee wangu," nikamwambia mhudumu. "Karani wa bandari. Enzi zile alikuwa anakaa hapa hapa."

"Karibuni sana, patroni," akajibu.

Tukala sangala wa kuchoma na lengalenga, mchicha wa kwetu, na pilipili ya kukufanya ukumbuke dhambi zako. Chanceline alivaa gauni aliloshona mwenyewe, la kitenge cha kijani, na nilimwona mzuri hadi nikapunguza maneno. Akainua glasi yake.

"Glasi zao zinang'aa. Baba angezipenda."

Tulicheka wote wawili. Nyumbani kwetu Minago baba hanywi kitu kabla hajainua glasi kwenye mwanga, jicho moja kalifumba. Siku ya kwanza Chanceline alipokuja kututembelea alimuuliza, "Baba, unatafuta nini humo?" Baba akamjibu, "Vidole vya watu." Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Tukiwa bado tunacheka, mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mzee mmoja mnene, kipara, aproni kifuani. Akaja moja kwa moja hadi kwetu na kunikodolea macho.

"Amahoro."

"Amahoro, Mzee."

"Weye ni mutoto ya nani?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Jina yangu Lukeba. Niko mupishi hapa toka Mugiriki mwenyewe alikuwa hai. Nimekuchungulia kule jikoni nikaacha samaki kwenye moto. Simama. Njoo uone kitu."

Alitupeleka kwenye ukuta wa nyuma, penye picha za zamani ndani ya vioo. Akagusa moja. Chini yake iliandikwa 1971. Wafanyakazi tisa wamesimama mstari mbele ya mlango ule ule wa jikoni. Wa mwisho, pembeni kabisa, alikuwa kijana mwembamba wa aproni iliyolowa, ameinua glasi juu kwenye mwanga, jicho moja kalifumba.

Alikuwa mimi. Pua yangu, masikio yangu, hata bega langu la kushoto linaloshuka.

"Huyu ni Pontiani," Lukeba akasema. "Muosha vyombo wetu. Hakuna glasi ilipita hapa bila yeye kuiangalia hivyo. Mugiriki alikuwa anamuita Bwana Glasi. Tulilala chumba kimoja Buyenzi, tulikula sahani moja. Sabini na mbili, mwaka wa mauaji, akapotea. Waliniambia amekufia njiani, huko Nyanza-Lac. Nilimulilia kama ndugu." Akaishika kola yangu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Weye ni wake?"

Neno lililohitajika lilikuwa moja. Ndiyo. Mtoto wa chekechea analijua.

Lakini mhudumu alikuwa amesimama pale, yule yule niliyemwambia habari za karani. Meza ya jirani walikuwa wamegeuka. Na Chanceline alikuwa ubavuni mwangu, na nyuma ya Chanceline nilimwona Mama Agneta na Rumonge nzima.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Baba yangu alikuwa karani bandarini. Huyu simjui. Watu wanafanana."

Mzee Lukeba aliniangalia muda. Kisha akaiachia kola yangu, akainyoosha.

"Watu wanafanana," akarudia. "Basi unisamehe, patroni. Ni uzee."

Akafuta kioo cha picha kwa ncha ya aproni, akarudi jikoni. Tulikaa tena mezani. Sikumwangalia Chanceline. Baada ya muda mhudumu alileta sahani ya ndizi za kukaanga ambazo hatukuagiza.

"Mzee Lukeba amesema ni za yule anayefanana."

Nilikata kipande kimoja, nikakirudisha sahanini. Chanceline akanyanyuka, akaenda ukutani, akaipiga picha ile kwa simu yake. Kisha akachukua mkoba.

"Twende nyumbani."

Kilomita sabini na kitu, aliuweka mkoba wake kati yetu. Tulipopita Mugere nilijaribu.

"Nimsalimie Stanley wako?"

Aliangalia ziwa. Nilitamani niteremke nikae pale kwenye jiwe na yule mama wa ufagio. Dereva naye akazima redio, na nikajua hata yeye ameelewa kuna kitu kimeharibika.

Jioni simu yangu ikalia. Ilikuwa WhatsApp, picha ile, bila neno. Chini yake nikaandika: *Naweza kueleza.* Akapiga saa ile ile.

"Eleza."

"Chanceline, nilishikwa ghafla. Mimi mwenyewe sikujua. Baba hajawahi kuniambia alikuwa anaosha vyombo. Na shangazi yako ameshasema kwa watu..."

"Shangazi muache. Ulipoona picha ulimjua au hukumjua?"

"Nilimjua."

"Sema tena."

"Nilimjua. Nilimjua kabla mzee hajataja jina."

Nikasikia cherehani ya mtu mwingine ikitembea nyuma yake.

"Nimekuvumilia kwa jiwe," akasema. "Nimekuvumilia kwa barua za mfalme. Zile ni mbwembwe za mwanaume, zinachekesha. Ila yule mzee alikuuliza kama rafiki yake iko hai, Lameki. Miaka hamsini na kitu anamlilia mtu ambaye anakunywa chai Minago. Na weye ukamwambia watu wanafanana."

"Naona aibu."

"Ona. Nikuulize moja. Kama umemkana baba yako kwa sababu ya sahani, mimi utanikana kwa sababu ya nini? Kwa sababu sina wazazi? Kwa sababu nashona za watu?"

"Siwezi kukukana."

"Mpaka saa nane mchana ya leo ningeapa kwamba hata baba yako huwezi." Akavuta pumzi. "Mimi sitamwambia shangazi kitu. Utasema mwenyewe. Na kabla ya kuja kwetu, umwambie baba. Yote, na lile neno ulilosema. Kama huwezi, Jumamosi msije."

Akakata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilimkuta baba uani Minago, amemaliza chai, anaosha kikombe chake mwenyewe kama kawaida yake. Sasa nisikilizeni ubaya wangu ulivyokuwa na mizizi: nilifika pale na hasira. Badala ya kuomba radhi, nilimsukumia simu usoni.

"Baba, hii ni nini?"

Aliipokea kwa mikono iliyolowa. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nilisubiri aone haya. Nilitaka aone haya, ili tuwe wawili.

"Lukeba," akasema. "Huyu wa kati ni Lukeba. Iko hai?"

"Yuko hai. Bado anapika pale pale."

"Iko hai," akarudia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Uso wake wote ulicheka. "Alikuwa anaunguza kitunguu kila siku, yule. Ulimwona? Ulimwambia niko hapa?"

Hapo hasira yangu ikaisha. Sikuwa na pa kuiegemeza.

"Aliniuliza kama mimi ni mwanao."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia sikujui."

Baba akabaki na simu mkononi. Hakuuliza kwa nini. Afadhali angenipiga kofi.

"Sawa," akasema.

Neno lile bado naliogopa. Akanirudishia simu, akachukua kikombe chake, akakiinua kwenye mwanga, akakiweka chini bila kukiangalia kweli.

"Baba, ulitusimulia meza ya dirishani. Shati jeupe. Nikaamini. Nimewaambia watu wote."

"Meza iko pale au haiko?"

"Ipo."

"Sangala wanaleta na lengalenga?"

"Ndiyo."

"Basi sikukudanganya chakula." Akafuta mikono kwenye suruali. "Jikoni kulikuwa na kidirisha kidogo, wanapitishia sahani. Mimi nikiinama kwenye maji, nikiinuka naona ile meza. Kulikuwa na karani wa bandari anakaa pale, shati jeupe na tai. Nilikuwa naangalia anavyokata samaki. Kila kitu nilichowasimulia nilikiona, Lameki. Nilikiona kwa kile kidirisha."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Katumba kila mutoto alikuwa anaulizwa kwenu ni wapi, baba yako alikuwa nani. Mulikuwa munarudi mumenuna. Nikaona niwakalishe kwenye meza. Ningewakalisha jikoni?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilijua siku moja mutajua. Sikujua utaona haya namna hiyo. Hilo ni kosa yangu mimi."

"Si kosa lako."

"Iko yangu kidogo."

Nikapiga magoti pale kwenye maji ya vyombo, mwalimu mzima, suruali ya Jumapili. Nikasema nisamehe. Akaniambia nyanyuka, majirani wanapita. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama naweza kuipata namba ya kule.

Ilikuwa kwenye risiti. Nikapiga, nikaomba nipewe Mzee Lukeba.

"Nani?"

"Mzee, ni mimi kijana wa jana. Yule uliyemuonyesha picha."

"Ah. Mutoto ya karani."

Nilistahili. Nikaimeza.

"Nilisema uongo, Mzee. Mimi ni wa yule wa mwisho kwenye picha. Hakufa. Nilimuonea haya mbele ya watu, nikamkana. Yuko hapa, anataka kukusalimia."

Nilisikia mafuta yakichemka. Baba akaninyang'anya simu.

"Lukeba? Kitunguu yako inaungua."

Sikubaki kusikiliza. Nilichokisikia nikiwa nje ya ua ni mzee wangu wa miaka sabini na nne akilia na kucheka kwa wakati mmoja, akitaja majina ya watu nisiowajua.

Nikamwandikia Chanceline: *Nimemwambia baba. Nimempigia Mzee Lukeba. Jumamosi nitasema kwenu.* Alisoma. Hakujibu Jumapili, hakujibu Jumatatu. Nilifundisha sehemu na desimali wiki nzima bila kujua nafundisha nini. Alhamisi nikamweleza Djibril, mwalimu mwenzangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu. Djibril ana ulimi wa asali.

"Lameki, usijichome bure," akaniambia. "Nitaruka hapo. Nitasema 'mzee wetu aliyeishi Bujumbura', basi. Si uongo huo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nililipenda wazo lake kwa dakika nzima.

Ijumaa mchana ujumbe ukaingia. Neno moja: *Njooni.*

Jumamosi tulifika Rumonge kwa Mama Agneta na kreti zetu za bia na Fanta, wanaume upande huu, wenyeji upande ule, chini ya turubai la bluu. Mzee Lukeba, mwalikwa wa baba, alishatoka Buja tangu asubuhi, akakaa na baba bega kwa bega, suti yake ikimbana tumboni. Chanceline alikuwa ndani. Kwa desturi binti haonekani mpaka aitwe, na mwoaji hasemi. Mwoaji anakaa kama picha, msemaji anaongea.

Djibril alisifu wenyeji, akasifu ziwa, akasifu mpaka turubai. Kisha msemaji wao, Baba Zakaria, baba mdogo wa Chanceline, akanyanyua kidole.

"Tumesikia habari nzuri ya huyu mzee. Kwamba alikuwa karani mkubwa kwenye bandari ya Buja. Tuelezeni, tujue tunampa mutoto wetu nani."

Mama Agneta akajiweka sawa kwenye kiti, akawaangalia majirani zake mmoja mmoja.

"Mzee wetu," Djibril akaanza, "ni mtu aliyeishi Bujumbura, mji ambao, kama mnavyojua..."

Nikasimama. Viti vikalia. Djibril akanivuta koti, nikaliacha livutwe.

"Mwoaji anasimama?" Baba Zakaria akauliza. "Hii iko faini."

"Nitailipa, Baba. Mzee wangu hakuwa karani. Alikuwa muosha vyombo kwenye restora. Yeye hakuja kwenu kujisifu, mimi ndiye niliyeeneza. Na wiki iliyopita, Chanceline akiwa ananisikia, niliulizwa kama huyu ni baba yangu, nikasema simjui. Huyu hapa. Anaitwa Pontiani. Nilimuonea haya, na sasa najionea haya mimi. Kama hamtaki kumpa mtu wa namna hiyo mtoto wenu, mna haki. Lakini msimnyime kwa sababu ya vyombo. Mninyime kwa sababu ya neno nililosema."

Nikakaa. Djibril akaliachia koti langu.

Mama Agneta alikuwa amefumbua mdomo.

"Kwa hiyo mimi nimesema uongo kanisani," akasema taratibu. "Nikasema sokoni. Nikamwambia mpaka mwenye turubai hili."

"Nisamehe, Mama."

"Nitawaangaliaje watu kesho?"

 Baba alikuwa ameangalia mikono yake. Baba Zakaria akainama, wakanong'onezana na shangazi, kisha akanyoosha mgongo.

"Mwiteni binti. Yeye ndiye alikuwepo."

Chanceline akatoka, imvutano, vazi letu la sherehe, la rangi ya dhahabu begani, macho chini kama inavyotakiwa. Sijui kama mmewahi kuhudhuria shughuli zetu. Binti anaulizwa swali moja mbele ya wote, na kwa kawaida ni mchezo tu, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Binti yangu," Baba Zakaria akasema, "wageni hawa unawajua?"

Chanceline akapita mbele yangu kama sipo. Akasimama kwa baba, akapiga goti, akamshika mkono.

"Huyu namjua. Ni baba yake Lameki. Anatafuta vidole vya watu kwenye glasi."

Baba akacheka, chozi likamtoka. Chanceline akamgeukia Lukeba.

"Huyu namjua. Alitupatia ndizi tusizostahili."

Halafu akaja kwangu, akasimama. Nilimwangalia viatu.

"Na huyu?" Baba Zakaria akauliza. "Huyu unamjua?"

 Nilikuwa nimeshajiandaa kulisikia neno langu mwenyewe likirudi.

"Wiki iliyopita nilikuwa simjui," akasema Chanceline. "Leo ndiyo nimeanza kumjua. Nampokea, Baba, ila faini yake alipe."

Vigelegele vikaanzia nyuma kwa wanawake. Mama Agneta ndiye aliyechelewa, lakini naye alipiga, kimoja, kifupi, macho bado yamenikata.

"Faini gani?" Djibril akauliza haraka. "Kreti ngapi?"

"Si kreti," Chanceline akajibu, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba.

Baada ya kula, nilivua koti nikaenda uani. Kulikuwa na mlima wa sahani, sufuria za wali, na glasi za watu sitini ndani ya beseni. Wanawake wakaniachia kigoda huku wakizibana mbavu. Mama Agneta akanifuata mpaka mlangoni.

"Mukwe haoshi vyombo siku ya gusaba," akasema. "Haijawahi kuonekana Rumonge."

"Najua, Mama."

"Watu watasema."

"Waseme."

Akasimama kidogo, akaenda, akarudi na sabuni. Nikachukua sufuria ya kwanza, nikaizamisha.

"Hapana," ikasema sauti nyuma yangu. "Unachafua maji."

Baba alikuwa ameshakunja mikono ya shati jeupe, tai ameitupia begani. Lukeba alikuwa nyuma yake, anakula mfupa. Chanceline alikuja na ndoo ya maji safi, akaiweka katikati yetu, akachuchumaa karibu yangu hadi vazi lake likagusa goti langu lililolowa.

"Glasi kwanza," baba akasema. "Halafu sahani. Mafuta mwisho. Miaka yote hiyo nimekuonyesha nyumbani, hukuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia dirishani, Baba."

Nikaosha glasi moja, nikaisuuza kwenye maji ya Chanceline. Wote watatu walikuwa wananitazama. Nikaiinua juu kwenye mwanga, nikafumba jicho moja. Karibu na ukingo kulikuwa na alama ya kidole. Nikairudisha majini.